Mwalimu wa Darasa la Kwanza na Cheti Kilichokufa

Siku afisa wa elimu alipokuja kutufungia shule, mwalimu wa darasa la kwanza hakutoka nje kumlaki. Alikuwa katikati ya somo. Afisa alisimama mlangoni na barua mkononi, akakohoa, akakohoa tena. Mwalimu akamwambia bila kugeuka, "Kaa pale nyuma. Tuko kwenye herufi ya m. Tukimaliza nitakusikiliza."

Na yule mtu mzima, aliyekuja na gari la serikali na dereva wake, akakaa. Viti vya darasa la kwanza ni vifupi. Magoti yalimfika kifuani.

Habari ya barua ile nitaifikia. Kwanza nieleze alikuwa mtu wa namna gani, kwa maana nimemjua kwa muda mrefu kuliko nilivyomjua mume wangu. Jina lake silitaji kwa sababu mjini kwetu hakuna aliyelitumia. Sisi tulimwita Maalimad, yaani mwalimu wa kike. Wageni walimwita Mwalimu. Ukoo wake pia nauacha. Huku kwetu ukishataja ukoo wa mtu, msikilizaji anafunga masikio, anadhani amekwisha kuelewa yote.

Shule yetu ilikuwa kando ya barabara ya kutoka Garissa kwenda Wajir, kabla hujafika Habaswein. Vyumba vinane vya mawe, tangi la maji, ua wa miiba. Kati ya vyumba hivyo vinane, yeye alikuwa na kimoja tu na hakutaka kingine. Mara tatu walimwomba awe mwalimu mkuu, mara tatu akakataa. Alisema darasa la nane mtu yeyote anaweza kulifundisha, wale wameshajua kukaa. Mtoto aliyetoka kwa mbuzi jana, asiyejua neno moja la Kiswahili, anayeona ukuta kwa mara ya kwanza, huyo ndiye anayehitaji mwalimu hasa.

Lugha yetu ya Kisomali haina p wala v. Mtoto wetu akiambiwa aseme "paka" atasema "baka", na "viatu" atasema "fiatu". Walimu wengine walicheka, au walichapa. Yeye alikata vipande vya karatasi vyembamba, akampa kila mtoto ashike kimoja mbele ya midomo. Ukitamka p vizuri karatasi inaruka. Ukitamka b inatikisika kidogo tu. Kwa v aliwaambia waweke vidole kooni, wasikie koo linavyovuma.

Baba mmoja, mfugaji, alikuja shuleni akiwa amekasirika, fimbo yake ya ngamia begani.

"Mwalimu, mtoto yangu nafundishwa kubuliza karatasi? Mimi nimeleta yeye kusoma!"

Mwalimu akampa kipande cha karatasi. "Shika hapa. Sema paka."

"Baka."

Karatasi haikuruka.

"Tena."

"Baka! Wallahi, mimi si mtoto."

"Tena."

Mara ya tano au ya sita karatasi iliruka. Yule mzee alishtuka, kisha akacheka hadi akaegemea mlango. Aliondoka na karatasi yake, na tulimsikia akisema "paka, paka, paka" mpaka langoni.

Sitaki mdhani alikuwa mpole. Kwa watoto hakupandisha sauti hata mara moja, lakini sisi watu wazima alitufokea kama mbuzi walioingia dukani. Alikuwa na maneno makali juu ya vyeti. Aliwahi kusema mbele ya wakubwa kwamba cheti ni picha ya mtu siku aliyokuwa amevaa vizuri. Lakini nyumbani kwake alikuwa na sanduku la bati lililojaa vyeti, kila kimoja kwenye nailoni yake, na hakuna mafunzo yaliyopita Garissa asiyoyahudhuria. Alikaa mstari wa mbele. Aliwauliza wawezeshaji maswali mpaka wakatafuta maji ya kunywa.

Kazi aliianza bila mafunzo yoyote, kama wengi wa wakati wake. Ulimaliza shule Ijumaa, Jumatatu umeshika chaki. Miaka minne alifundisha hivyo, kisha akaingia mafunzo ya walimu walio kazini, yale ya redio na posta. Masomo yalitangazwa jioni. Alianika betri juani mchana ili zipate nguvu ya dakika thelathini. Kazi aliyoiandika ilisafiri kwa lori la mifugo hadi Garissa, ikarudi baada ya miezi na wino mwekundu wa mkufunzi asiyemjua kwa sura. Baadaye alikwenda chuo miaka miwili, akapata cheti cha P1, cha ualimu wa shule za msingi, na hicho ndicho alichokipenda kuliko vyote, ingawa hakukiri.

Baada ya hapo, alisema, kila miaka michache anakuja mtu na neno jipya. Likaja la kumweka mtoto katikati ya somo. Likaja la vishikwambi, vikakaa ofisini kwenye maboksi kwa sababu umeme haukufika madarasani. Likaja la umilisi, la kumpima mtoto kwa anachoweza kufanya. Alikuwa na daftari lenye safu mbili. Ya kwanza aliiita "Jipya", ya pili "La zamani lenye nguo mpya", na baada ya kila semina aliyagawa aliyosikia. Nimeliona daftari hilo. Safu ya pili ni ndefu, lakini ya kwanza haiko tupu hata kidogo, na yaliyomo humo aliyajaribu darasani wiki hiyohiyo.

"Neno jipya si dhambi," alituambia. "Dhambi ni kudhani watoto walikuwa wanalingoja ndipo wajifunze."

Sasa nifike kwenye barua.

Ulikuja wakati wa hofu. Watu wasio wenyeji waliuawa barabarani, na walimu wetu wengi walikuwa wametoka Kenya, kama tunavyoita huku kila mahali ng'ambo ya Mto Tana, utadhani sisi tuko nchi nyingine. Walikuwa na haki ya kuogopa. Waliondoka wote asubuhi moja kwa lori moja, pamoja na mwalimu mkuu. Mwalimu wa darasa la kwanza hakuwalaumu. Aliwafungia mikate ya anjera na chupa za maji, akawashika mikono mmoja mmoja, na mwalimu wa hesabu alipolia naye alilia. Lori lilipotoweka, shule ya vyumba vinane ilibaki na walimu wawili: yeye na mwalimu wa dini.

Kesho yake asubuhi alikuja sokoni, kwenye meza ya maziwa ya ngamia ya mama yangu. Mimi nilikuwa nyuma ya meza nikipima maziwa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kupata D.

"Namtaka huyu," alimwambia mama. "Akafundishe darasa la tatu."

Mama akacheka kwa haya. "Maalimad, huyu amefeli. Soko zima linajua."

"Mtihani ulimwona wiki tatu. Mimi nilikuwa naye mwaka mzima, nikimfundisha kushika kalamu. Namjua zaidi."

"Na maziwa nitauza na nani?"

"Maziwa yakikosa mtu yanaganda, utayauza hivyohivyo. Watoto wakikosa mtu hawagandi. Wanamwagika."

Mama alinitazama, kisha akanivua aproni kwa mikono yake mwenyewe.

Tulikuwa watano, wote wa aina yangu, waliofeli au waliokosa kidogo. Asubuhi tulifundisha. Alasiri, baada ya swala, tulifundishwa. Hakutupa vitabu vya nadharia, hakuwa navyo. Mmoja wetu alifundisha somo la kweli kwa watoto wa kweli, na wanne waliketi kati ya watoto. Tulikatazwa kumtazama anayefundisha. Tulitakiwa kuwatazama watoto. Kisha tukakaa chini na akauliza swali lake la kwanza, ambalo halikubadilika: "Ni nani hakuelewa?"

Siku ya zamu yangu nilifundisha kutoa. Nilisimama wima, niliandika vizuri, niliuliza "Mmeelewa?" na darasa zima likaitikia "Ndiyoooo!" Nikajiona mwalimu.

"Ni nani hakuelewa?" aliuliza.

"Wote wameelewa. Wameitikia."

"Yule msichana wa karibu na dirisha ameitikia pia. Lakini muda wote wa somo alikuwa anachora ngamia. Amemaliza ngamia mzima, mpaka kope. Wewe umejuaje kwamba anajua kutoa?"

Nililia mbele ya wenzangu. Hakunibembeleza. Huku kwetu mama humwita mtoto kwa jina lilelile ambalo mtoto humwita mama, na yeye alituita sote hooyo, yaani mama. "Lia, hooyo," alisema, "kisha uandae somo la kesho. Ukiweza, fanya yote mawili kwa pamoja, jua linazama."

Tulikuwa kwenye mwezi wa tatu wa kazi hiyo afisa alipokuja na kukaa kwenye kile kiti kifupi. Somo lilipokwisha, mwalimu aliwatoa watoto nje, akatuita sisi watano, akamwambia afisa, "Una neno juu ya hawa. Liseme mbele yao."

Afisa hakuwa mtu mbaya. Alionekana amechoka. Alisema, "Hawa si walimu. Ni vijana waliofeli mtihani."

"Ni kweli," mwalimu akajibu.

Nilihisi uso unaniwaka.

"Basi unakubali?"

"Nakubali. Niletee waliofaulu. Nina vyumba vinane. Nitawapokea leo, na hawa warudi makwao."

Afisa akaangalia barua yake. "Agizo ni kwamba shule ifungwe hadi walimu wapatikane."

"Wamepatikana."

"Hawana cheti!"

"Mimi nilifundisha miaka minne bila cheti. Niliowafundisha miaka hiyo wengine wana ofisi leo, wanaandika barua."

"Mwalimu, usinilazimishe. Ninaweza kukuhamisha. Ninaweza kukupeleka Buna kesho."

Buna iko mbali kaskazini. Kwa walimu wa huko kwetu jina hilo lilitajwa kama adhabu.

"Buna kuna watoto?" akamwuliza.

"Wapo."

"Basi umenitisha kwa lipi?"

Afisa aliiweka barua mezani, akaondoka. Tulidhani Mwalimu ataichana. Hakuichana. Asubuhi yake aliingia nayo darasani, akawapa watoto wa darasa la kwanza wino mwekundu, wakapita mezani mmoja mmoja, na kila mmoja akazungushia duara herufi ya m aliyoiona. Ilikuwa barua ndefu, yenye "muhuri" na "mamlaka" na "mara moja". Ilipojaa maduara aliandika chini yake: "Imepokelewa na kusomwa na darasa la kwanza." Akaitia kwenye bahasha, akaipeleka kwa basi lililokuwa likienda Garissa.

Tulingoja polisi. Wiki ya kwanza nilifundisha huku nikitazama mlango. Mama alinishauri nirudi kwenye maziwa, na kusema kweli nilifunga mkoba wangu mara mbili. Polisi hawakuja. Wiki ya nne alikuja afisa mwenyewe, amejiendesha, na maboksi mawili ya chaki. Hakusema lolote juu ya barua. Aliniuliza mimi darasa langu liko wapi, akakaa nyuma somo zima, akaandika kitu kwenye daftari lake, akaniambia, "Endelea." Ndilo neno pekee nililowahi kupewa na serikali katika miaka hiyo, na nililikumbatia kama mkataba.

Baadaye alama za kuingia chuo zililegezwa kwa watu wa sehemu kavu kama kwetu. Baadhi ya watu wa magazetini walisema tunapewa walimu wa bei rahisi. Mwalimu alisoma gazeti moja lililosema hivyo, kisha akalitumia kufungia chumvi. Alitujazia fomu watano sote kwa mwandiko wake. Watatu tuliingia. Mmoja wetu sasa anawafundisha watoto wa wakimbizi kambini Dadaab, darasa lenye watoto wengi kuliko soko la Garissa siku ya mnada.

Chuoni, mwaka wa pili, mkufunzi mmoja aliandika ubaoni jina refu la mbinu ya mafunzo ambapo mwalimu mmoja anafundisha na wenzake wanawatazama wanafunzi, kisha wanajadiliana. Alisema ni mbinu mpya na imetoka nchi ya mbali. Niliinua mkono. Nilitaka kusema hapana, imetoka kando ya barabara ya Habaswein, nimeilia machozi. Mkufunzi aliponipa nafasi nilisema hivyohivyo, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Darasa lilicheka. Sikukaa chini mpaka nilipoeleza yote.

Nilipohitimu nilimsifu mwalimu mbele ya wageni nyumbani kwetu, nikasema aliikataa hofu wakati wengine walikimbia. Aliniacha nimalize, kisha akanivuta jikoni.

"Usinitie ushujaa, hooyo. Wiki ileile ya lori niliandika barua ya uhamisho. Nilitaka Garissa mjini, karibu na dada yangu."

Nilishangaa. "Ikawaje?"

"Hawakunijibu."

"Na wangekujibu?"

"Ningekwenda." Akakoroga chai. "Lakini hawakunijibu, na watoto walikuwa wameshakaa."

Sijui kwa nini maneno hayo yalinifanya nimheshimu zaidi. Labda kwa sababu mtu asiyeogopa hakuna anachokataa.

Miaka ilipita. Mimi nikasoma zaidi, nikawa mkufunzi wa chuo cha walimu. Ikaja sheria mpya: cheti cha P1 kimefungwa, anayetaka kuingia ualimu aanzie diploma. Waliokuwa kazini waliambiwa wanaweza kuja wakati wa likizo kujiendeleza. Walikuja kwa makundi, wengi wakinung'unika, na sikuwalaumu. Ukiambiwa kwamba karatasi iliyokulisha maisha yote haitoshi tena, lazima moyo usonone.

Siku ya usajili nilipita karibu na meza ya karani nikasikia sauti ninayoijua.

"Mama, unamsindikiza nani?" karani aliuliza.

"Nimejisindikiza."

Alikuwa yeye, amesimama kwenye foleni na vijana, lile sanduku la bati kwapani. Karani aliangalia kitambulisho chake, akahesabu kwa vidole.

"Lakini mama, umebakiza mwaka na nusu kustaafu. Diploma ya nini? Haitakuongezea chochote."

"Wamesema cheti changu kimekufa," akajibu. "Mimi siendi nyumbani na maiti. Andika."

Karani aliandika.

Likizo tatu nilimfundisha. Darasani aliniita Mkufunzi, tena kwa heshima kavu iliyonitoa jasho, na tukitoka mlangoni tu nikawa hooyo. Alibishana na kila moduli. Alikuwa wa kwanza kukabidhi kazi zake.

Ilipofika zamu ya kukaguliwa akiwa darasani kwake, nilipangiwa mimi. Niliomba nibadilishwe. Mkuu wa idara akaniuliza kama tuna undugu. Nikasema hapana. "Basi nenda," akasema.

Nilikwenda na fomu ya kurasa tatu. Watoto walikuwa hawajanizoea, wakanikodolea macho. Alifundisha kuandika sentensi. Alikuwa amewarekodi watoto kwenye simu yake wakisimulia habari za mbuzi wao, akawasikilizisha sauti zao wenyewe, na kila mmoja akaandika alichokuwa amesema. Nimekagua mamia ya masomo na sijapata kuona watoto wakiandika kwa haraka hivyo, ulimi nje, wakiogopa kusahau maneno yao wenyewe. Maandalio yake ya somo, hata hivyo, yalikuwa nusu ukurasa, na fomu inataka sehemu zote nane.

Kengele ilipolia alikuja na kuketi mbele yangu. "Nionyeshe."

Nilikuwa nimeandika themanini na mbili. Alisoma kila mstari, miwani puani.

"Hapa kwenye muda umenipa alama zote. Nilizidisha dakika sita."

"Mwalimu, dakika sita si kitu."

"Kwa wengine unawapunguzia?"

Nikakubali kwa kichwa.

"Punguza. Na hapa kwenye maandalio umenihurumia pia. Ukiniongezea hata alama moja nisiyostahili, nitakata rufaa. Nataka diploma, sitaki sadaka."

Nilipunguza. Ikawa sabini na nane. Nikatia sahihi, na yeye akatia yake. Kisha akanyoosha mkono kwenye mkoba wangu, akachomoa fomu nyingine isiyoandikwa kitu.

"Ni lini uliposhika chaki mara ya mwisho mbele ya watoto?"

Nilihesabu. "Tangu niwe mkufunzi. Miaka minne."

"Miaka minne unawafundisha watu wazima namna ya kufundisha watoto, na mtoto humwoni." Aliandika jina langu juu ya fomu, mahali pa mwanafunzi. "Simama. Wana kujumlisha sasa hivi. Mimi nitakaa nyuma."

"Sijaandaa somo."

"Nitaiandika hiyo pia."

Watoto walirudi kutoka nje. Mmoja wao, mdogo, mwenye meno mawili ya mbele yaliyong'oka, alimwuliza kwa sauti ambayo wote tuliisikia, "Maalimad, huyu ni mgeni?"

"Ni mwanafunzi," akajibu, na akaketi.

Nikashika chaki. Nikaanza, nikaanza upya, nikaomba vijiti, vijiti havikutosha, nikatumia vidole vya watoto. Dakika thelathini zilikuwa ndefu kama njia ya kwenda Liboi, kule mpakani. Nilipomaliza nguo yangu ilikuwa imeloa mgongoni. Alikunja fomu, akanikabidhi mlangoni mbele ya darasa zima, akarudi kwa watoto wake kabla sijaifungua.

Alikuwa amenipa sitini na moja. Nimejikagua mwenyewe mara nyingi tangu siku ile, somo lile nalikumbuka hatua kwa hatua, na kila mara ninapata sitini na moja.